Sosi ya achari ya kuchovya: dalili, chanzo na tiba

Sosi ya kuchovya yenye ladha ya achari ya matango haina upishi. Unachanganya, unaiweka kwenye friji, unapakua. Ndiyo maana wengi huiacha iwe kazi ya mwisho siku ya shughuli, na wageni wakikaribia kufika wanakuta bakuli lina dimbwi la maji pembeni, au sosi ina chembechembe, au chumvi imezidi na mtindi mwingine haupo. Tafuta hapa chini dalili unayoiona kwenye bakuli lako.

Sosi hii asili yake ni Marekani. Huko huchanganya jibini laini ya kupaka, krimu chachu, achari ya matango na majani ya shibiti. Jibini ya namna hiyo hapa Tanga ni ghali na si kila duka linayo, lakini mtindi upo hadi duka la mtaani. Huu ni mji wa maziwa, wenye kiwanda cha Tanga Fresh. Mtindi unafaa kabisa, na kwa maoni yetu uchachu wake unapatana na achari kuliko jibini. Tofauti ni kwamba mtindi una maji mengi zaidi. Ukichukua kipimo cha jibini ukamimina badala yake mtindi wa pakiti kama ulivyo, hakuna kitakachoiokoa sosi hiyo. Kasoro nyingi utakazosoma hapa zinatokana na maji: ya mtindi, ya tango, au yale uliyoongeza mwenyewe.

Kipimo cha kulinganishia

Kwa watu 8 hadi 10: mtindi usio na sukari lita 1, uchujwe mpaka ubaki gramu 400 hadi 450. Mayonezi vijiko 4 vya chakula. Achari ya matango gramu 200, ambayo ikishakatwa na kukamuliwa hubaki kama 150. Maji ya achari kijiko kimoja hadi viwili vya chakula. Kitunguu saumu punje 1, pilipili manga robo kijiko cha chai, sukari nusu kijiko cha chai, na majani ya shibiti yaliyokatwa vijiko 2 vya chakula. Shibiti ni lile jani jembamba linaloipa achari ya Ulaya na Marekani harufu yake. Ukilikosa tia kotmiri changa, majani matupu bila mashina. Harufu itakuwa nyingine, lakini italeta raha yake. Chumvi hatukuiandika kwa makusudi, kwa sababu huonjwa mwisho kabisa.

Achari ya chupa ikikosekana, itengeneze siku moja kabla. Nunua nusu kilo ya matango madogo magumu; Mgandini huyakosi, mengi yakiwa yameshuka kutoka Lushoto. Yakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, nyunyizia kijiko 1 cha chai cha chumvi, acha dakika 45, kisha yakamue. Chemsha siki nyeupe mililita 250 (soma kibandiko, iwe ya asilimia 5), maji mililita 250, chumvi laini kijiko 1 cha chakula na sukari kijiko 1 cha chakula. Mimina ikiwa moto juu ya matango ndani ya chombo cha kioo, acha ipoe, weka kwenye friji hadi kesho yake.

Sosi ina maji

Hili ndilo lalamiko kubwa, na hapa ndipo watu hutibu ugonjwa usio wao. Uliza kwanza: maji yametokea lini?

*Ilikuwa nyepesi tangu ulipochanganya.* Mtindi haukuchujwa vya kutosha. Tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilichokunjwa mara mbili, juu ya chujio. Weka chujio juu ya bakuli, mimina mtindi, funika, weka ndani ya friji saa 6 hadi 8. Baada ya saa mbili hivi kitambaa huziba kwa sababu mtindi uliogusana nacho umeshakuwa mzito. Kwangua ule wa pembeni kwa kijiko, uurudishe katikati, na maji yataanza kutoka tena. Ukiwa na haraka, funga ncha za kitambaa, weka kisahani juu na pakiti ya sukari ya nusu kilo. Saa 3 zinatosha. Utaujua umefika pale kijiko kikipita katikati yake kinaacha mfereji usiojifunga.

Usiuning'inize jikoni usiku kucha. Kwa joto letu vijidudu vya mtindi vinaendelea na kazi, na asubuhi utakuwa na mtindi mzito lakini mkali kiasi cha kukunja uso. Kitambaa nacho kisuuzwe vizuri kwa maji ya moto kabla ya kazi: harufu ya sabuni huhamia kwenye mtindi na haitoki tena. Maji ya njano-kijani yanayochuruzika usiyamwage, yanafaa kukandia unga wa chapati.

Kuna mtindi usiochuja hata ukiusubiri siku nzima. Soma kibandiko. Ukiona wanga au jelatini kati ya viambato, hivyo ndivyo vilivyoyashika maji. Huo mara nyingi pia una sukari na vanila. Unywe, usiutie kwenye sosi. Na kama mtindi ni wa kugandishwa nyumbani, hakikisha maziwa yalichemshwa kwanza, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa wa bruselosi na uchachu wa mtindi si kinga ya kutegemea.

Chanzo kingine ni blenda. Mtindi uliochujwa unasimama kwa sababu protini zake zimeshikana kama wavu na kuyafungia maji ndani. Visu vya blenda huukata wavu huo, na kwa muda mfupi kitu kizito kinageuka cha kunywewa kwa mrija. Changanya kwa uma, taratibu, mpaka mayonezi isionekane, kisha acha.

*Ilikuwa nzito, ikatoa maji ndani ya friji.* Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni tango. Tango bichi karibu asilimia 95 ni maji, na hata lililokaa kwenye siki bado limejaa majimaji. Chumvi iliyomo kwenye sosi huyavuta polepole usiku kucha. Kwa hiyo achari ikatwe kwanza, halafu ikamuliwe. Ukikamua tango zima unayatoa maji ya juu tu. Chukua vipande mkononi, finya kwa ngumi mpaka matone yaishe, kisha vikaushe kwa kitambaa. Viganja vyako vikiachwa na unyevu mdogo tu, umefika. Maji uliyokamua yaweke kwenye kikombe, ndiyo yatakayotiwa baadaye kijiko kwa kijiko.

Wapo wanaoongeza tango bichi ili sosi iwe na ubichi wa kachumbari. Hatulipendi wazo hilo kwa sosi itakayokaa zaidi ya nusu saa. Ukitaka lazima, toa moyo wenye mbegu kwa kijiko, lichumvie, likamue, na ulitie wakati wa kupakua.

Kujua kama kosa ni la tango au la mtindi, kabla ya kuchanganya weka kijiko kimoja cha mtindi uliochujwa kwenye kisosi, peke yake, kando ya bakuli ndani ya friji. Asubuhi kisosi kikiwa kikavu na bakuli lina dimbwi, umekamua vibaya. Vyote viwili vikiwa na maji, rudi kwenye kitambaa.

*Inakuwa nzito kwenye friji, ikifika mezani inalainika.* Hiyo si ya maji, ni ya joto, tutaifikia.

Kuiokoa sosi iliyokwisha kuchanganywa kunawezekana. Irudishe yote, na vipande vyake, kwenye kitambaa kwa saa moja. Baada ya hapo onja upya, kwani sehemu ya siki na chumvi imeondoka na maji. Kama muda hautoshi, ponda kiazi mviringo kidogo kilichochemshwa na kupoa kabisa, kipitishe kwenye chujio, uchanganye kwa uma. Kitanywa maji mengi bila kuleta ladha ya kigeni. Maziwa ya unga vijiko 2 vya chakula nayo husaidia yakipewa nusu saa kunywa maji, ila huongeza utamu. Usitie konflawa. Wanga hauvuti maji mpaka upikwe, kwa hiyo utabaki na sosi nyepesi ileile, sasa ikiwa na ladha ya unga mbichi.

Ina chembechembe, au imekatika

Ukiona mabonge madogo meupe ndani ya maji, kuna kitu kibichi au cha moto kilichokutana na siki. Protini kuu ya maziwa huganda pH (kipimo cha uchachu: kikishuka, uchachu umepanda) ikishuka kufika karibu 4.6. Mtindi umeshavuka hapo, ndiyo maana unapokea siki baridi bila shida. Maziwa freshi hayajavuka. Ukiyatia kulainisha sosi, kisha maji ya achari yakafuata, yatakatika mbele ya macho yako. Kulainisha tumia mtindi ambao haukuchujwa, kijiko kwa kijiko.

Moto nao hukatisha. Maji ya achari yaliyotoka jikoni sasa hivi, vitunguu vya kukaanga vilivyo moto, au kuiweka sosi juani ili "ipunguze baridi", vyote huibana protini ikayatema maji yake. Iliyokatika kwa moto hairudi kuwa nyororo. Ukiisugua kwenye chujio la matundu madogo kwa mgongo wa kijiko itapunguza chembe, basi.

Chembechembe kavu, kama mchanga laini, ni za mtindi uliochujwa kupita kiasi au jibini iliyochanganywa ikiwa ya baridi. Jibini iache nje dakika 30, uiponde peke yake mpaka ilainike, ndipo vingine vifuate. Mtindi uliokauka mno rudishia vijiko viwili vya yale maji yake.

Kuna na chembe zinazong'aa, zinazoyeyuka ulimini. Hizo ni za tui. Pwani mtu akikosa mayonezi, mkono unakwenda kwenye nazi, na ladha yake na achari si mbaya hata kidogo. Lakini mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi na huyeyuka juu yake. Ndani ya friji yatafanya punje, na kwenye meza ya Tanga yatayeyuka na kuilegeza sosi yote. Tui pia huchacha upesi. Ukilitumia, liwe tui zito la kwanza, lisizidi vijiko 2 vya chakula, na sosi iliwe siku hiyohiyo.

Haina ladha ya achari

Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kuongeza maji ya achari, na hapo ndipo tatizo la ladha linapozaa tatizo la maji. Fikiri kwanza kama sosi imepata muda. Ikionjwa dakika tano baada ya kuchanganywa, mafuta ya mayonezi na mtindi yameifunika siki. Ipe saa 2 kwenye friji kabla ya kuihukumu.

Baada ya hapo ongeza vipande, si maji. Gawa achari mafungu mawili: theluthi moja ikatwe laini kabisa, karibu kuwa uji, ili iingie kila mahali; theluthi mbili zibaki vipande vya kutafunwa. Mabadiliko haya peke yake huponya sosi nyingi zilizopooza. Njia nyingine nzuri: kata nusu kitunguu maji kidogo vipande vidogo sana, kiloweke kwenye maji ya achari dakika 15, kichuje, ukitie. Kinabeba siki ndani yake bila kuleta maji, na ukali wake umepungua. Robo kijiko cha chai cha unga wa haradali nao huamsha ladha.

Kali mno, au chumvi imezidi

Ukali ukizidi, sababu huwa mtindi uliochacha kabla hujaanza. Uonje ukitoka kwenye pakiti. Tiba ni mafuta kuliko sukari: kijiko kimoja au viwili vya mayonezi hutuliza ukali, na sukari ikizidi kijiko kimoja cha chai sosi inaanza kuelekea kwenye kitindamlo.

Chumvi husumbua kwa njia mbili. Achari na mayonezi vina chumvi yao, kwa hiyo anayetia kijiko kamili kwa mazoea ya mboga ameshakosea. Pili ni chumvi ya mawe, ile ya mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Punje kubwa haziyeyuki upesi kwenye kitu baridi na kizito; unaonja, unaona haijakolea, unaongeza, na saa moja baadaye zote zimeyeyuka. Isage au iyeyushe kwanza kwenye kijiko cha maji ya achari. Chumvi ikishazidi, dawa ni kuongeza mtindi uliochujwa tu. Ndiyo maana ni busara kubakisha vijiko vinne vitano vya mtindi pembeni mpaka mwisho.

Uchungu, ukakasi, na ladha ya chuma

Tango lenye uchungu ni tango lililopata shida shambani, mara nyingi ukame na jua kali. Uchungu hukaa zaidi kwenye ganda na upande wa kikonyo. Kata kipande cha upande huo, kionje. Kikiwa kichungu menya lote, punguza sentimita mbili, onja tena. Siki haiondoi uchungu.

Uchungu wa nyuma ya ulimi kwenye sosi ya achari ya ndimu au limao unatoka kwenye mbegu na ngozi nyeupe ya ndani. Toa vyote kabla ya kukata.

Kitunguu saumu kinachochoma kooni kimepondwa kikaachwa. Ukali wake huzaliwa pale punje inapopasuliwa, na asidi hupunguza kuzaliwa huko. Basi kiparuze moja kwa moja juu ya kijiko cha maji ya achari, kidondokee humo, kikae dakika 10. Usizidishe punje moja. Kesho yake moja itakuwa imeenea sosi nzima.

Ladha ya chuma inatoka kwenye sufuria ya alumini. Siki na chumvi huila alumini, siki ikachukua ladha na kuta za sufuria zikabadilika rangi. Chemshia kwenye chuma cha pua au sufuria ya enameli isiyobanduka, na uhifadhi kwenye kioo.

Rangi

Kitunguu saumu kikigeuka kijani au buluu ndani ya achari, watu hutupa chupa nzima. Hakuna sababu, ni asidi na viungo vya kitunguu chenyewe, haina madhara. Njano inayoenea ni ya bizari ya manjano, kwa kawaida ukitumia achari ya embe. Achari hiyo pia ina mafuta yatakayopanda juu ya sosi, kwa hiyo ipanguse kwa karatasi kabla ya kuikata. Rangi ya kijivu, turejee kwenye alumini. Ukungu wa rangi yoyote, mwaga.

Vipande ni laini, havitafuniki

Upande wa tango uliokuwa na ua una vimeng'enya vinavyolainisha nyama yake. Kata milimita 2 za ncha hiyo na uzitupe. Matango makubwa yaliyoanza kugeuka njano hayafai. Achari iliyolainika na kuwa na utelezi au harufu mbaya isitumike, hata kama maji yake ni makali. Maji kupoteza uangavu peke yake si ubaya kwa achari iliyochachushwa kwa chumvi, lakini kwa ya siki uliyotengeneza jana, jiulize ni chumvi gani ulitumia au chombo kilikuwa safi kiasi gani.

Mezani

Muhogo wa kukaanga, bajia na kachori ndiyo wenza wake wa asili hapa kwetu, na ndivyo vinavyoiharibu upesi. Kikitoka kwenye karai moja kwa moja, kila mchovyo huacha mafuta na joto. Viache kwenye chujio dakika tano. Chipsi za muhogo zikivunjikia ndani ya bakuli, sosi ni nzito mno au chipsi zimepata unyevu wa pwani. Legeza sosi kwa kijiko cha maji ya achari, na chipsi zisitolewe kwenye chombo chenye mfuniko mpaka dakika ya kula.

Usitoe bakuli lote. Toa nusu, liketishe juu ya bakuli kubwa lenye barafu, nusu nyingine ibaki ndani. Nje ya friji isikae zaidi ya muda wa saa 2, na hewa ikipita nyuzi 32, kama mchana wa Januari hadi Machi hapa Tanga, mwisho ni saa 1. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa huhifadhi baridi kwa saa kama 4. Kilichochovywa na wageni usikirudishe kwenye kile kisichoguswa. Nusu safi itadumu siku 3 hadi 4 kwenye nyuzi 4. Isigandishwe: mayonezi na mtindi vikiyeyuka hutengana, na hapo hata kitambaa hakisaidii.